Namna ya Kulinda Mgongo na Kiuno Katika Kazi za Kubeba na Kuinama

Mtu akiuliza afanye nini ili mgongo usimuume, jibu analopewa mara nyingi ni moja tu: chuchumaa, nyoosha mgongo, kisha nyanyua. Jibu hilo si la uongo, lakini limepewa uzito mkubwa kuliko linavyostahili. Katika maeneo ya kazi ambako wafanyakazi walifundishwa mkao mzuri wa kunyanyua na kuachiwa mizigo ileile, maumivu ya mgongo hayakupungua kwa kiasi cha kuonekana. Sehemu kubwa ya kinga hupatikana kabla mikono haijagusa mzigo, yaani katika kuamua mzigo uwe na uzito gani, uanzie kimo gani kutoka ardhini, na kama kuna ulazima wa kubebwa na mtu. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na suala la mkao limewekwa baada ya hayo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Hapa kwetu wengi wao hawajaketi ofisini. Ni mama anayeteka maji, kibarua wa ujenzi, kuli wa sokoni, mkulima wa jembe la mkono na msichana wa kazi anayefua akiwa ameinama saa nzima. Hao ndio wanaolengwa zaidi na maelezo yanayofuata.

Hatua ya kwanza: Jua uzito wa unachokibeba

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20, na dumu lenyewe linaongeza kidogo juu ya hapo. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Gunia la mahindi huwa kati ya kilo 90 na 100, na likishonewa kilemba likawa lumbesa huzidi kiwango hicho. Tumezoea kutaja vitu hivi kwa majina yake na si kwa uzito wake, na ndiyo maana mtu anaweza kusema amebeba "madumu mawili tu" bila kufikiri kwamba mikononi mwake zimening'inia kilo 40.

Ili kujua kama uzito huo ni mwingi, vipo viwango vya kupimia. Kanuni ya kukokotoa mizigo iliyotolewa upya mwaka 1991 na taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini huanzia kilo 23, na hizo ni kwa hali iliyo bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, uko kwenye kimo cha kiuno, una mahali pazuri pa kushika, na haunyanyuliwi mara kwa mara. Kila sharti likikosekana, kiwango kinashuka. Shirika la Kazi Duniani nalo lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na kwamba mwanamke abebe kiasi kidogo kwa mbali kuliko hicho. Ukilinganisha, dumu moja lililoko chini kabisa ardhini tayari limefika mpakani, mfuko wa saruji umeuvuka, na gunia la kilo 100 halipaswi kuwa mgongoni mwa binadamu mmoja hata kama kuli anayelibeba anasifiwa soko zima kwa nguvu zake.

Kuna jambo linalotajwa sana kuhusu mizigo ya kichwani, nalo lina ukweli wake. Watafiti waliowapima wanawake wa Kikuyu na wa Kijaluo nchini Kenya, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1986, walikuta kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Hata hivyo, kwa mwanamke mwenye kilo 60, sehemu moja ya tano ni kilo 12. Dumu lililojaa ni theluthi nzima ya uzito wake. Zaidi ya hayo, kilichopimwa kilikuwa nishati inayotumika, wala si mgandamizo unaozipata pingili za shingo, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kuwa kibali cha kujaza ndoo mpaka imwagike.

Kwa mtoto hesabu ni mbaya zaidi. Mtoto mwenye kilo 30 akitwishwa dumu la lita 20 amebeba theluthi mbili za uzito wake, ilhali mifupa yake bado inakua. Mpe dumu la lita 5, na akirudi mara mbili hakuna kilichoharibika. Mjamzito naye apunguziwe mizigo kadiri mimba inavyokua, kwa sababu tumbo linausogeza mzigo mbali na uti wa mgongo na viungo vya nyonga vimelegea kuliko kawaida.

Usipokuwa na mzani, sukuma mzigo kwa mguu au inua pembe yake moja kabla ya kuukumbatia. Watu wengi hujitegua kwa mizigo ambayo hawakuitarajia kuwa mizito, au kwa ile waliyodhani ni mizito wakaivuta kwa nguvu nyingi kuliko iliyohitajika.

Hatua ya pili: Punguza, gawanya, au tumia magurudumu

Madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, yanabeba maji yaleyale ya dumu moja la lita 20, lakini athari zake mwilini hazifanani. Dumu moja zito la mkono wa kulia huulazimisha mwili kuegemea kushoto, na misuli ya upande mmoja wa kiuno hufanya kazi njia nzima ili usianguke. Uzito ukigawanywa sawa, mwili unasimama wima. Wauza maji waliotumia mzegazega begani, wakining'iniza debe kila ncha, walipata faida hiyohiyo.

Kinachofaa zaidi kuliko kugawanya ni kutokubeba kabisa. Toroli, mkokoteni, baiskeli yenye keria, hata toroli la kukodi kwa safari moja, vyote huondoa mgongoni uzito ambao mkao mzuri peke yake hauwezi kuuondoa. Ninajua kwamba katika mitaa mingi kijana akionekana anasukuma ndoo mbili kwenye toroli huitwa mvivu. Wanaomcheka hawatamlipia kipimo cha mgongo. Kwenye ujenzi, saruji ishushwe karibu na mahali itakapokorogewa, na mfuko ubebwe na watu wawili au ukokotwe kwa toroli. Gari likimwaga mifuko ng'ambo ya pili ya kiwanja, mafundi watabeba kwa siku nzima mzigo ambao dereva angeupunguza kwa kusogeza gari mara moja. Anayeagiza vifaa ndiye mwenye uwezo wa kulizuia hilo, na anapaswa kulisema wakati wa kuagiza.

Hatua ya tatu: Pandisha kazi juu

Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Nyumbani kwetu karibu kila kitu kiko chini: jiko la mkaa liko chini, beseni la kufulia liko chini, vyombo huoshwa chini, uwanja hufagiwa kwa ufagio mfupi wa chelewa, na dumu hujazwa likiwa chini. Mwili hautegukii kwenye mzigo peke yake. Kukaa umeinama kwa muda mrefu nako huzichosha kano zinazozishikilia pingili, mpaka mtu anaposimama anashika kiuno kwa mikono yote miwili.

Anza na maji. Sehemu ngumu kuliko zote katika safari ya dumu ni ile ya kutoka ardhini hadi usawa wa mapaja, kwa hiyo dumu lisijazwe likiwa ardhini. Kama unateka kisimani, liweke dumu tupu juu ya jiwe pana, tofali zilizopangwa au kizingiti cha kisima, kisha lijaze kwa kopo au kwa ndoo ndogo likiwa hapohapo juu. Kama ni bomba la kioski, ombeni pajengwe kibaraza cha kimo cha goti au paja chini ya bomba. Ni kazi ya tofali chache na nusu siku ya fundi, na kila anayeteka hapo atanyanyua kuanzia mahali salama. Nyumbani pia, dumu litue juu ya kigoda kigumu au meza fupi, ili kesho usilitoe tena sakafuni.

Kufua kunarekebishika kwa urahisi zaidi. Weka beseni juu ya meza, ukuta mfupi au viti viwili vilivyo imara, kwa kimo ambacho mikono inafika majini huku mgongo ukiwa umenyooka. Kama hakuna pa kuliweka, kaa kwenye kigoda na beseni liwe katikati ya miguu. Mkao wa kusimama miguu imenyooka na kiuno kimekunjwa ndio wa kuepuka, hasa wakati wa kukamua mablanketi, maana hapo unainama na kujipinda kwa wakati mmoja. Vyombo vioshwe kwenye kichanja, ambacho kwenye nyumba nyingi za vijijini tayari kipo lakini hutumiwa kuanikia tu.

Ufagio wa chelewa unaweza kufungwa kwenye mpini wa fito wenye urefu wa kufika kifuani. Mizunguko michache ya kamba ya mpira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli inatosha kuushika. Mara ya kwanza hufagii vizuri kama ulivyozoea, lakini mkono huzoea baada ya siku chache.

Jembe linahitaji maneno yake peke yake. Mwaka 1975 jimbo la California nchini Marekani lilipiga marufuku jembe la mpini mfupi mashambani, baada ya vibarua na madaktari kueleza jinsi lilivyoharibu migongo ya watu waliolima wameinama kutwa nzima. Hakuna atakayetuletea marufuku kama hiyo shambani kwa babu, lakini mpini ni wa kuchonga mwenyewe. Kwa palizi, chagua mpini mrefu unaokuwezesha kusimama na kuvuta udongo kuelekea kwako badala ya kuinua jembe na kulishindilia. Kwa kulima ardhi ngumu ambako lazima upige, tanguliza mguu mmoja, ukunje magoti, na ubadilishe mguu wa mbele na mkono wa juu kila umalizapo tuta. Lima baada ya mvua ya kwanza kulainisha udongo kama msimu unaruhusu, kwa sababu udongo mkavu hurudisha kishindo cha jembe mabegani.

Hatua ya nne: Nyanyua mzigo ukiwa karibu

Sasa tufikie mkao. Jambo kuu hapa ni umbali kati ya mzigo na uti wa mgongo. Misuli inayouvuta mgongo kwa nyuma imeshika takribani sentimita 5 tu kutoka katikati ya pingili, wakati mzigo ulioko mbele unaweza kuwa mbali mara kumi zaidi. Dumu la kilo 20 likiwa sentimita 25 mbele ya pingili, misuli hiyo inapaswa kuvuta kwa nguvu ya kama kilo 100 ili kulisimamisha. Likiwa sentimita 50 mbele, nguvu hiyo inakuwa kama kilo 200, na bado hatujahesabu uzito wa kifua, kichwa na mikono yako mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kukunja magoti, usogelee mzigo.

Simama karibu kabisa na dumu, mguu mmoja pembeni mwake na mwingine nyuma kidogo, ili dumu liwe kati ya miguu na si mbele ya vidole. Shuka kwa kukunja nyonga na magoti kwa pamoja, nyayo zote zikiwa chini. Shika mpini kwa kiganja chote, vuta dumu liguse mwili, kaza tumbo kama mtu anayetarajia kupigwa konde, kisha inuka kwa kusukuma ardhi kwa miguu. Usinyakue. Mzigo ukianza kupanda polepole utajua mapema kama umezidi, nao unaweza kurudishwa. Ukiunyakua utajua umeshachelewa.

Ukishasimama, usipinde kiuno ili uuelekeze mzigo kwingine. Geuza miguu, hatua ndogondogo, mpaka kifua kielekee unakotaka kuuweka. Wanaopakia lori kwa kurushiana mifuko wamesimama mahali pamoja wakizungusha viuno, hilo ndilo wanalolikosea siku nzima.

Kwa mzigo wa kichwani, hatari ipo zaidi wakati wa kujitwika na wakati wa kutua kuliko wakati wa kutembea. Omba utwishwe, na umsaidie mwenzako naye ukifika zamu yake. Watu wawili wakiinua ndoo kutoka juu ya jiwe, mwenye kutwishwa anaweza kusimama wima na kuipokea. Tumia kata ya kitambaa au majani yaliyosokotwa, iwe pana, ili uzito usikae sehemu moja ya utosi. Ukifika, usiiname ili ndoo iteleze. Ita mtu akutue, au sogea kwenye ukuta wa kimo cha kifua uitue hapo. Njia iwe kavu, na viatu viwe na soli inayoshika, kwani kuteleza na mzigo kichwani kunaweza kuiumiza shingo vibaya kuliko kazi ya mwezi mzima.

Kuhusu mikanda mipana ya kiunoni inayouzwa madukani kwa wabeba mizigo: haijaonekana kumkinga mtu ambaye mgongo wake ni mzima asiumie, na tatizo lake ni kwamba humpa aliyeivaa ujasiri wa kuongeza uzito. Fedha hizo zichangie toroli.

Hatua ya tano: Heshimu saa ya kwanza ya asubuhi

Kati ya pingili na pingili kuna sahani za gegedu ambazo usiku, mtu akiwa amelala, hunyonya maji na kuvimba. Ndiyo sababu mtu huamka akiwa mrefu kwa sentimita moja au zaidi kuliko alivyokuwa jioni. Sahani iliyojaa maji hubanwa sana mgongo unapokunjwa, na hali hiyo hupungua kwa kiasi kikubwa ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka. Mpangilio wa kazi zetu uko kinyume kabisa na jambo hilo, kwa sababu kazi ya kwanza alfajiri ni kufagia uwanja umeinama na ya pili ni kwenda kuteka maji. Badilisha zamu inapowezekana: tembea kwanza, fungulia mifugo, chemsha chai ukiwa umeketi, ufagie jua likiwa limechomoza. Kama maji lazima yatekwe alfajiri kwa sababu ya foleni, basi angalau kutembea mpaka bombani kutangulie kunyanyua, na dumu lijazwe likiwa juu kama ilivyoelezwa.

Hatua ya sita: Usikae muda mrefu bila kubadilisha mkao

Fundi cherehani, dereva wa bodaboda na karani wana tatizo moja, nalo ni kutosogea. Inuka kila baada ya nusu saa hivi, simama, shika kiuno na ujinyooshe nyuma taratibu mara kadhaa. Fundi apandishe kiti mpaka viwiko viwe usawa wa meza ya cherehani. Bodaboda ashuke kwenye pikipiki anaposubiri abiria badala ya kulala juu ya tangi.

Hatua ya saba: Ijenge misuli

Mazoezi yakiambatana na maelezo ya namna ya kufanya kazi ndiyo kinga iliyothibitika vizuri kuliko nyingine dhidi ya maumivu ya kiuno kujirudia. Mtu anayebeba mizigo kila siku hudhani ameshafanya mazoezi ya kutosha, lakini kubeba huchosha misuli ileile kwa namna ileile. Jioni, juu ya mkeka, lala chali ukunje magoti, nyayo zikiwa chini, kisha inua nyonga mpaka mwili unyooke kutoka magotini hadi mabegani, ushikilie kwa pumzi chache na ushuke. Halafu piga magoti na uweke viganja chini, unyooshe mkono wa kulia mbele pamoja na mguu wa kushoto nyuma, ubadilishe upande. Rudia kila zoezi mara nane hadi kumi. Maumivu yakishuka mguuni unapofanya zoezi fulani, acha zoezi hilo.

Hatua ya nane: Ukiumia, jua la kufanya na wakati wa kwenda hospitali

Mgongo ukikaza ghafla baada ya kunyanyua, weka mzigo chini na utafute mkao unaopunguza maumivu, kama vile kulala chali miguu ikiwa juu ya kiti. Kitambaa cha maji ya moto kinasaidia. Usilale kitandani siku nyingi. Kutembea kidogokidogo nyumbani huharakisha kupona, na maumivu mengi ya namna hii hupungua sana ndani ya wiki chache. Usikubali mtu akukanyage mgongoni au akuvunje kiuno kwa nguvu wakati maumivu ni mabichi. Diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za kundi lake zinazouzwa kwa vidonge vichache dukani zinaweza kujeruhi tumbo na figo, hasa zikimezwa na mtu asiyekula, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shinikizo la damu au mjamzito. Muulize mfamasia kwanza.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona mkojo au haja kubwa inakutoka bila kujizuia au mkojo umegoma kutoka, ukipata ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, au mguu ukilegea usiweze kuinua wayo. Nenda pia bila kuchelewa kama maumivu yamefuata kuanguka kutoka juu au ajali. Maumivu ya mgongo yanayoendelea wiki baada ya wiki, yakiandamana na homa, jasho la usiku na kukonda, yanahitaji vipimo vya kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao katika nchi zetu bado upo na hutibika kwa dawa, lakini ukicheleweshwa huweza kuleta kibiongo au kupooza. Wengi huudhania ni uchovu wa shamba na huendelea kukandwa nyumbani kwa miezi.

Aliyeumia kazini amwarifu msimamizi siku hiyohiyo na ahakikishe imeandikwa. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na Kenya kuna sheria ya fidia ya mwaka 2007, na kwa nchi zote mbili dai lisilo na taarifa ya mapema huwa gumu kulithibitisha.

Unaporudi kazini, anza na nusu ya mzigo uliozoea: dumu lijazwe nusu, saruji ikokotwe. Uzito uongezwe tu ikiwa asubuhi ya pili yake umeamka bila maumivu mapya, na kama yamerudi, shuka ngazi moja kwa siku chache kabla ya kujaribu tena.